Mzigo wa Kongo na vidonge vya siku 30

Kwenye kurasa za biashara, shehena inayopita Dar es Salaam kwenda na kutoka nchi zisizo na bahari huhesabiwa kwa tani na kwa dola. Kwenye baadhi ya nyumba za Bunju, Mapinga, Kerege na Bagamoyo mjini, ambako madereva wa malori ya masafa marefu wamejenga au wamepanga, huhesabiwa kwa vitu vingine: ada ya muhula, kodi ya chumba, siku ambazo mtoto hajamwona baba yake.

Katika nyumba moja ya Nianjema, Bagamoyo, huhesabiwa pia kwa vidonge.

Baba wa nyumba hiyo ana miaka 44 na ameendesha malori kwa miaka 16. Mkewe hununua samaki asubuhi ufukweni, akawakaanga na kuwauza jioni kando ya barabara. Wana watoto watatu: binti aliye kidato cha kwanza, wa kiume aliye darasa la nne, na kitinda mimba ambaye ndiyo kwanza ametimiza miaka mitatu. Miaka miwili iliyopita baba huyo aligundulika kuwa na presha. Kliniki humpa vidonge vya mwezi mmoja, kimoja kila asubuhi.

Safari ya kwenda Kolwezi, kusini mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na kurudi Dar es Salaam, kwa makadirio ya ofisi anayofanyia kazi, ni siku 21. Ukitoa 21 kwenye 30 zinabaki tisa. Kwa hesabu ya darasani, vidonge vinatosha na vinabaki.

Safari moja ya mwaka jana ilichukua siku 52.

Haki ya kufika baharini

Duniani kuna nchi 32 zinazoendelea zisizo na bahari, na 16 kati ya hizo ziko Afrika. Tanzania inapakana na tano: Uganda, Rwanda, Burundi, Zambia na Malawi. Kongo yenyewe ina kipande kidogo cha pwani upande wa Atlantiki, lakini migodi ya shaba na kobalti ya kusini iko mbali mno na pwani hiyo. Kwa mfanyabiashara wa Kolwezi au Lubumbashi, ni kama nchi yake haina bahari. Shaba yake hutoka kwa barabara kupitia Zambia, na Dar es Salaam ni mojawapo ya bandari zinazoipokea.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, katika ibara ya 125, unazipa nchi hizo haki ya kuifikia bahari na uhuru wa kupitisha mizigo yao kwa majirani. Haki hiyo imeandikwa vizuri. Barabarani, anayeitimiza ni mtu aliyekaa kwenye usukani na kijana utingo aliye pembeni yake.

Lori huondoka Dar es Salaam na mzigo wa kwenda bara, labda mbolea, nguo, vipuri au salfa ya migodini. Hupimwa kwenye mizani Vigwaza, Mikese, Makambako, Mpemba. Hupanda mlima Kitonga kwa gia ndogo. Baada ya zaidi ya kilomita 900 hufika Tunduma, ambako foleni ya malori huweza kuanza kabla dereva hajauona mpaka. Ng'ambo ni Nakonde, kisha Mpika, Serenje, Kapiri Mposhi, Ndola, Kitwe, Chingola, na hatimaye Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, wenye foleni yake nyingine. Wakati wa kurudi lori hupakiwa mabamba ya shaba. Dar es Salaam mabamba hayo hushushwa ghalani, huingizwa kwenye kontena, na kontena hupelekwa kuwahi meli.

Kila kituo kina karatasi zake, na karatasi moja ikikosewa, mtandao wa forodha ukikatika au mgodi ukichelewa kupakia, siku zinaongezeka. Wataalamu wa uchukuzi huzijumlisha siku hizo kuwa gharama ya kusubiri. Kwenye kibanda cha lori gharama hiyo inalala kwenye kitanda chembamba nyuma ya kiti, inakula chipsi na nyama choma zenye chumvi nyingi, na inanunua maji kwa fedha ya kigeni.

Dakika ishirini za Mlandizi

Kuna jambo watoto wa dereva wa mizigo ya nje hujifunza mapema. Mzigo wa nchi jirani ukishafungwa lakiri ya forodha, lori halina ruhusa ya kutoka kwenye njia iliyoidhinishwa. Barabara ya kwenda Tunduma inapita Mlandizi. Kutoka Mlandizi kwenda Bagamoyo kupitia Makofia ni mwendo wa saa moja hivi. Baba anapita karibu kiasi hicho na nyumbani kwake, akienda na akirudi, na hawezi kukata kona.

Kwa hiyo mara nyingine nyumba inamfuata barabarani. Mama wa Nianjema hufunga hotpoti ya wali na samaki, humbeba mdogo, huwashika mkono wawili wakubwa kama si siku ya shule, wakapanda gari hadi Mlandizi. Lori likiegeshwa wanapata dakika ishirini, pengine nusu saa. Baba anakula akiwa amesimama. Binti anamwonesha daftari la hesabu. Wa darasa la nne anataka kupanda juu kwenye usukani. Utingo, kijana wa miaka 23, anakaribishwa samaki na kuitikia, "Ahsante, mama," ingawa mama mwenyewe hajamzidi umri wa kumzaa.

Mdogo hujificha nyuma ya khanga ya mama yake. Anamjua baba aliye ndani ya simu. Huyu mrefu anayenuka dizeli anahitaji muda, na muda ndio huo unaokwisha.

Wazazi wengi wa mwambao huu hawaendeshi malori, lakini wataitambua hali hiyo. Wapo mabaharia, wapo wavuvi wa dago, wapo mama waliokwenda kufanya kazi Oman, wapo walinzi wa zamu za usiku. Mtoto mdogo hajui kazi ya baba ni kubwa kiasi gani. Anajua nani anamwogesha.

Bagamoyo iliwahi kuishi hivi

Mji huu una uzoefu wa mizigo ya bara kuliko miji mingi. Karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilishuka hapa mabegani mwa watu, zikavushwa kwa majahazi hadi Unguja, na kutoka Unguja zikaenda Bombay, London na hata Connecticut, Marekani, ambako viwanda vya miji ya Deep River na Ivoryton vilizichonga kuwa vibao vya piano. Kwa njia hiyohiyo walishushwa watu waliotekwa na kuuzwa utumwani, na mpaka leo watu hubishana kama jina la mji lilimaanisha kupumzisha moyo au kuuacha.

Richard Burton na John Speke waliiacha pwani hii mwishoni mwa Juni 1857 wakafika Kaze, karibu na Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba. Miezi minne na zaidi kwa miguu, kwenda tu. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi, bila kuhesabu mkeka wake, sufuria na silaha yake.

Wapagazi wengi waliokuwa watu huru walikuwa Wanyamwezi, na walijua thamani ya muda wao. Walipendelea kushuka pwani wakati wa kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani, na kurudi kabla mvua hazijaita jembe. Baadhi yao walisafiri na wake zao, waliobeba vyungu na watoto na kupika kambini. Msafara uliocheleweshwa mno ulipoteza watu. Vitabu vya wasafiri wa Kizungu vimejaa malalamiko kuhusu wapagazi waliotoroka. Ukivisoma ukiwa mzazi unaona pia upande wa pili: huko nyumbani kulikuwa na shamba linalosubiri, na mkataba haukulima.

Magonjwa nayo yalisafiri na mizigo. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Zanzibar, alichapisha mwaka 1876 kitabu kuhusu kipindupindu cha Afrika Mashariki, akaonesha namna ugonjwa ulivyofuata njia za misafara ya biashara. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, Virusi vya Ukimwi vilipoanza kuonekana nchini, wagonjwa wa kwanza wakiripotiwa Kagera mwaka 1983, vituo vya malori kwenye barabara kuu vikawa miongoni mwa sehemu zilizoumia. Mwaka 2020 madereva walisimama siku nyingi mipakani wakisubiri majibu ya vipimo vya korona, na mwezi Mei mwaka huo Zambia iliufunga kwa muda mpaka wake wa Nakonde.

Reli ya Kati ndiyo iliyoichukua mizigo ya Bagamoyo. Ujenzi wake ulianzia Dar es Salaam mwaka 1905 na ukafika Kigoma mwaka 1914. Misafara ikakoma, na mji ukabaki na majengo, minazi na samaki. Kusubiri mtu aliyekwenda na mzigo hakukukoma. Kulihamia kwenye nyumba za makuli, wafanyakazi wa reli na madereva.

Siku ya 31

Katika safari ile ya siku 52, lori lilikaa siku tisa Kasumbalesa wakati wa kuingia. Kolwezi likasubiri tena zamu ya kupakia. Nyumbani, kwenye kalenda ya ukutani ambayo mama huandikia madeni ya samaki, alikuwa amezungushia tarehe moja kwa kalamu nyekundu. Ndiyo siku vidonge vilipotakiwa kuisha.

Siku ya 31 alipiga simu.

"Dawa bado unazo?"

"Zipo. Usijali, mama watoto, mimi mzima kabisa."

Alikuwa anasema kweli kwa namna anavyojisikia. Hakuumwa kichwa, hakuchoka kuliko kawaida. Hapo ndipo presha inapowapata watu wengi. Haina maumivu ya kumkumbusha mtu. Damu inasukuma kuta za mishipa kwa nguvu kubwa kuliko inavyopaswa, miezi na miaka, na moyo, figo, macho na ubongo vinachakaa kimyakimya. Kwa wengi dalili ya kwanza ni kiharusi chenyewe. Kipimo cha 140 kwa 90 au zaidi, kikirudiwa na kubaki hapo, tayari ni presha ya kutibiwa, hata kama mwenye nayo anacheza mpira.

Mama hakubishana naye. Alimwambia binti apige picha ya boksi tupu la dawa lililobaki kabatini, jina na uzito vionekane, aitume kwa WhatsApp. Alijua ikiwa mume wake ana dawa atacheka, na ikiwa hana atanyamaza. Alinyamaza.

Ukweli ulitoka kesho yake. Vidonge vilikuwa vimebaki vinne, kwa sababu tangu wiki iliyopita alikuwa anameza leo na kuruka kesho ili vifike mbali. Duka la dawa alilolikuta liliandika kila kitu kwa Kifaransa na bei ilikuwa kwa dola. Posho ya safari ilipigiwa hesabu ya siku 21 na ilikuwa imeshaliwa na foleni. Aliona afadhali fedha iliyobaki inunue chakula chake na cha utingo.

Wahudumu wa kliniki huisikia habari hiyo mara nyingi, na si kwa madereva peke yao. Bibi anayegawa dawa zake na jirani, baba anayeacha kumeza kwa sababu anajisikia vizuri, mama anayeruka siku ili boksi lifike mwisho wa mwezi, wote wanafanya jambo moja. Vidonge vya presha hufanya kazi kwa kumezwa kila siku. Kuviruka ni kuiachia presha ipande na kushuka, na dawa zingine zikikatishwa ghafla presha huweza kupanda kuliko mwanzo.

Lori lilipofika Tunduma likirudi, alikuwa na siku kumi na moja bila kidonge. Kichwa kilikuwa kinagonga, na taa za magari ya mbele aliziona mbilimbili. Mkewe hakumpigia yeye. Alimpigia utingo.

"Mwanangu, zima hiyo gari. Mpeleke apimwe, ndipo mnipigie."

Kipimo cha kituo cha afya kilisoma 198 kwa 116. Mhudumu alimpa dawa, akampumzisha, akamwambia asishike usukani mpaka presha ishuke na arudi kupimwa tena kesho. Simu ya ofisi nayo ikaita. Ghalani Dar es Salaam shaba hiyo ilikuwa inasubiriwa, kontena lilikuwa na tarehe ya mwisho ya kupokelewa bandarini, na meli haisubiri mtu. Dereva aliulizwa kama hawezi kujikaza.

Mbele yake kulikuwa na kilomita zaidi ya 900, Kitonga ya kushuka, na tani karibu 30 za shaba mgongoni.

Alikaa Tunduma siku mbili. Kontena lilikosa meli hiyo na kupakiwa kwenye iliyofuata. Kwenye malipo yake ya safari ilikatwa fedha ambayo ingelipa ada ya binti, na mwezi huo ada ililipwa kwa mkopo wa kikundi cha akina mama wauza samaki.

Mama wa Nianjema akiulizwa kama ilistahili, hujibu kwa swali.

"Meli nyingine ilikuja. Baba yao mwingine angetokea wapi?"

Siku ya tatu, jembe

Dereva aliyekaa nje siku 52 anarudi nyumbani kama mgeni, na nyumba humpokea hivyo. Kuku anachinjwa, watoto wanaambiwa wasipige kelele baba amelala, makosa ya shuleni yanafichwa ili asikasirike. Siku ya nne simu inaita, mzigo uko tayari, na mgeni anaondoka kabla hajawa mwenyeji.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Baada ya safari ile, mama huyo aliuchukua msemo huo kama ulivyo. Siku mbili za kwanza mume wake analala, na hilo ni la afya vilevile, kwa kuwa mtu aliyekesha barabarani ana deni la usingizi ambalo presha nayo inalijua. Siku ya tatu anapewa kazi. Anampeleka mdogo chekechea na kwenda kumchukua. Anakaa na wa darasa la nne kwenye hesabu za kugawanya. Anaongozana na mkewe kliniki, wote wawili wanapima presha, sukari na VVU, kisha wanarudi wakila mahindi ya kuchoma.

Kipimo cha mwisho hicho kina ugumu wake. Wanandoa wengi wanaoishi mbalimbali huona kuulizana ni kushtakiana. Kwenye nyumba hii walikubaliana kwamba kinapimwa kila anaporudi, kwa wote wawili, kama matairi yanavyokaguliwa kabla ya safari, na kwamba kondomu kwenye begi la mtu anayekaa mwezi mzima njiani ni ulinzi wa watoto kabla ya kuwa kitu kingine chochote. Mazungumzo hayo hayakuwa mepesi. Yalifanyika usiku, watoto wakiwa wamelala, na yalichukua zaidi ya usiku mmoja.

Mdogo alianza kumzoea baba siku ya tano. Siku ya sita alilia aliposhuka kwenye bodaboda bila yeye.

Kuhusu ahadi, mama alibadilisha jambo moja. Zamani watoto waliambiwa baba anarudi Ijumaa. Ijumaa ilipopita, wa darasa la nne aligoma kula. Sasa wanaambiwa baba yuko wapi leo, na binti anaweka alama kwenye ramani aliyoichora nyuma ya kalenda ya mwaka jana: Makambako, Tunduma, Mpika, Kapiri Mposhi. Tarehe ya kurudi haitajwi mpaka lori liwe limepita Morogoro.

Kabla lori halijawashwa

Yapo mambo ambayo nyumba hii sasa inayafanya, na nyumba yoyote yenye msafiri na dawa ya kila siku inaweza kuyafanya.

Dawa huhesabiwa kwa safari mbaya kuliko zote, si kwa makadirio ya ofisi. Dereva alieleza kazi yake kliniki bila kuona haya, na baada ya presha yake kutulia akaanza kupewa dawa za miezi miwili kwa mara moja. Kwa wanaotumia ARV na hali yao imetulia, kupewa dawa za miezi kadhaa ni jambo la kawaida katika huduma za Tanzania. Anayesafiri aulize. Mhudumu hawezi kujua kazi yako ni ya namna gani kama hujamwambia.

Picha ya kadi ya kliniki na ya boksi la dawa inakaa kwenye simu tatu: ya dereva, ya mke na ya utingo. Jina la kitaalamu la dawa, lile lililoandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara, linatambulika na mfamasia wa Chingola na wa Lubumbashi hata kama boksi lao lina rangi nyingine.

Dawa ikikaribia kuisha, nayo husafirishwa. Siku hizi mama akiona tarehe nyekundu inakaribia na lori bado liko Kongo, hufunga vidonge pamoja na nakala ya kadi, akampa dereva mwenzake mumewe anayeanza safari. Mzigo huo mdogo hupita njia ileile ya mzigo mkubwa, na mara zote mbili alizoujaribu umefika.

Presha hupimwa njiani, hasa mahali palipo na foleni. Mtu anayesubiri zamu siku tatu Tunduma ana nusu saa ya kwenda kituo cha afya. Kikundi cha akina mama wauza samaki kilichanga na kununua mashine ndogo ya mkononi, nayo huzunguka nyumba kwa nyumba. Wawili kati yao waligundua kwamba wao wenyewe, ambao hawajawahi kuvuka Chalinze, wana presha.

Ndani ya lori kuna chupa kubwa ya maji, na chumvi haiongezwi mezani. Kila baada ya saa mbili au tatu lori linaposimama dereva hutembea kulizunguka mara kadhaa, kwa sababu damu ya miguu inayokaa saa nyingi bila kujongea huweza kuganda. Usingizi ukija, gari linaegeshwa mahali salama. Hakuna kahawa wala kinywaji cha kuchangamsha kinacholipa deni la usingizi, na vinywaji hivyo huweza kuipandisha presha.

Utingo alifundishwa dalili ambazo hazisubiri kufika nyumbani: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kukosa nguvu, maneno kuchanganyika, kifua kubana. Akiona mojawapo, ni hospitali iliyo karibu, saa hiyohiyo, mzigo ubaki na nani.

Kwa wenye malori maombi ni machache na yana faida kwao. Posho ihesabiwe kwa siku halisi za foleni. Bima ya afya ya dereva iwe hai kabla ya safari. Dereva aliyesimamishwa na mhudumu wa afya asikatwe fedha, kwa kuwa lori lililopinduka Kitonga halifiki kwenye meli yoyote.

Mizigo inakuja zaidi

Kusini kidogo ya Bagamoyo, Mbegani, ndipo palipopangwa kujengwa bandari mpya. Makubaliano yalisainiwa mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mradi ukasimama, na mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yatafufuliwa. Reli ya kisasa imeanza kubeba abiria hadi Dodoma tangu mwaka 2024, na Kwala, mkoani Pwani, imejengwa bandari kavu ya kupunguza msongamano wa Dar es Salaam. TAZARA, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi tangu miaka ya 1970, nayo inazungumziwa upya. Shaba ya Kongo na Zambia, kahawa ya Burundi na Rwanda, vyote vitaendelea kuitafuta bahari.

Treni zikichukua sehemu kubwa ya mizigo hiyo, safari za baadhi ya akina baba huenda zikawa fupi. Bandari ikijengwa Mbegani, nyumba nyingi zaidi za mwambao huu zitaishi kwa kalenda ya meli. Kwa vyovyote vile wapangaji watahesabu tani, kina cha maji na siku za kontena bandarini, kama inavyowapasa. Siku ambazo dereva, utingo, kuli na dereva wa treni wanakaa mbali na dawa zao na watoto wao zinaweza kuandikwa kwenye jedwali hilohilo. Zinahesabika. Mama mmoja anazihesabu kwa kalamu nyekundu, kwenye kalenda yenye madeni ya samaki.

Kama nyumbani kwako yupo anayesafiri na ana dawa ya kila siku, jambo la leo ni dogo. Fungua boksi, hesabu vilivyobaki, na umuulize mara ya mwisho safari yake ilichelewa siku ngapi.